Zamu Ndani ya Tuta

"Kikasha hakina miguu," Mkuu alisema kwa mara ya pili, na safari hii aligonga meza kwa kalamu.

"Sijasema kina miguu," mtunza njia alijibu. "Nimesema kimehama."

"Kimehamishwa."

"Na nani?"

"Ndiyo nakuuliza. Wewe ndiye unayelala na kuamka na vikasha."

"Nalala na mume wangu, Mkuu, siku ambazo hayupo lindoni."

Karani wa mapokezi alipaliwa na chai. Mkuu hakucheka. Alikuwa ameshika simu iliyojaa malalamiko ya wageni, mengine yameandikwa kwa herufi kubwa tupu: wametembea juani na watoto, ramani ikawafikisha kwenye lango la zamani la maji, wamepapasa kila tundu, na kikasha cha saba hawakukiona.

Mtunza njia alitoa mnyororo mfukoni mwa koti akauweka mezani. Jana kabla ya kwenda nyumbani alikuwa amekifunga kikasha kwenye nguzo ya chuma ya lango kwa mnyororo huo, akauzungusha mara tatu na kutia kufuli. Asubuhi aliukuta mnyororo umekunjwa vizuri chini ya nguzo, kama mtu anavyokunja mkanda wa suruali kabla ya kulala. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Kikasha ndicho hakikuwepo.

Mkuu alilivuta kufuli, likagoma.

"Nunua kubwa zaidi," alisema.

"Hili halikufunguliwa, Mkuu. Kubwa litafanya nini, litatisha?"

"Nunua."

Ofisi yao ilikuwa na vyumba viwili na choo, kando ya mfereji ambao mashua za mizigo ziliacha kupita siku nyingi. Maji yalibaki, na njia ya ukingoni ilibaki, na kwa kuwa watu hupenda kutembea mahali penye historia mradi pawe na kivuli, njia ilisafishwa ikawekewa vibao. Baadaye ukaja ule mchezo wa vikasha. Mtu anafungua ramani kwenye simu, anafuata nukta nyekundu, anatafuta chini ya mawe na kwenye mashina mpaka aone kikasha kilichofichwa. Ndani kuna vijizawadi. Sheria imeandikwa juu ya kila kifuniko kwa mkono wa mtunza njia mwenyewe: UKICHUKUA KITU, ACHA KITU CHA THAMANI ILEILE. Wageni wengi waliitii nusunusu. Walichukua saa ya kuchezea wakaacha tikiti ya basi iliyotumika.

Mtunza njia alijua kikasha cha saba kilikokuwa. Kila asubuhi kilikuwa mahali pamoja, ndani ya tuta kubwa linalozuia maji ya mfereji yasimwagikie mjini, hatua chache chini ya lango. Kilikuwa kimezama kwenye udongo mgumu mpaka kifunikoni. Udongo ule haukuchimbwa na nyasi zake hazikukatwa. Mizizi ilikuwa imekizunguka kama imekizoea. Sehemu hiyo ya tuta haikushika umande, na ukiweka kiganja uliisikia ina joto la mtu aliyetoka kubeba kitu kizito. Mtunza njia alikuwa akikifukua kwa sepeto ndogo, anakipangusa, anakirudisha langoni, ambako mara nyingi hakikukaa hata mpaka mchana, anaendelea na kikasha cha nane. Alikuwa na binti wa shule, mume anayefanya kazi ya zamu na mama mkwe mwenye moyo mbovu. Hakuwa na asubuhi ya kupoteza kwa kushangaa.

Kitu kimoja tu alikiheshimu. Hicho kikasha kilitii sheria kuliko wageni. Wageni waliacha humo pete za funguo, vibanio vya nywele na bata wa plastiki. Asubuhi bata hayupo, na mahali pake pana kifungo cha mfupa. Kibanio hakipo, pana kipande cha mpini kilicholainika kwa kushikwa. Siku moja palikuwa na jino. Hakuna kilichoondoka bila kingine kuingia. Wageni waliobahatika kukiona kikasha walifurahi sana, wakaandika kwamba ofisi inastahili pongezi kwa vitu vya kale vinavyofanana kabisa na vya kweli.

Kisha mgeni fulani akaacha filimbi ya plastiki. Tangu siku hiyo filimbi ilisikika kutoka ndani ya tuta, asubuhi kazi zinapoanza, na tena saa sita mchana. Watu wa ofisini wakaanza kuitumia kwenda kula. Karani ndiye aliyegundua kwamba ile ya jioni, ya kutoka, haipigwi kamwe. Alilisema hilo huku akifunga mkoba wake, kama mtu anayesema kwamba duka fulani siku hizi halifunguliwi Jumapili.

Asubuhi ile ya ugomvi, mtunza njia alikuwa amekuta kitu kingine kikashani, na hakumwambia Mkuu. Kilikuwa kipande cha bati, duara, kimetobolewa tundu la kupitisha uzi, na katikati kimegongwa namba. Kumi na saba.

Angekuwa mwanamke wa nyumba nyingine, angekirudisha. Lakini aliolewa kwenye nyumba ambamo kumi na saba haitamkwi. Alilijua hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa, alipokuwa akihesabu vikombe vya wageni na mama mkwe akamkatiza jikoni. "Kumi na sita, kumi na nane," alimfundisha, bila kuinua macho kwenye sinia. "Hiyo nyingine ina mwenyewe." Ndiyo maana kila shughuli ya familia ile kiti kimoja kilipungua na mtu mmoja alisimama mpaka mwisho, na wenyeji hawakuhangaika. Binti yao aliwahi kuwekewa alama nyekundu ya kosa darasani kwa kuiruka, mpaka mtunza njia alipokwenda shuleni kumweleza mwalimu kwamba mtoto anaijua hiyo namba vizuri, ila haisemi, na kama mwalimu ana swali lingine alilete sasa kwa sababu yeye ana kazi.

Mwenye namba alikuwa baba wa mama mkwe. Alichukuliwa kwenda kuchimba mfereji mke wake akiwa mjamzito. Wachimbaji hawakuitwa kwa majina. Waliitwa kwa vipande walivyovaa shingoni. Mke alipeleka chakula mpaka kwenye kizuizi, akitaja namba, na mtu akaja kuchukua. Siku moja alitaja namba, mlinzi akamwambia kumi na saba ametoroka, na zamu yake nzima imetoroka naye, arudi na chakula chake. Aliita tena, akaita mpaka jua likazama, kisha akarudi nyumbani na kuanzia hapo hakuigawa namba hiyo kwa kitu kingine. Mtoto aliyezaliwa, ndiye huyo mama mkwe, aliitwa Mtoto wa Mtoro, shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake. Mwanawe wa kiume, mume wa mtunza njia, ambaye sasa ni mlinzi wa kiwanda cha magunia, akichelewa dakika mbili wenzake humwambia ni damu. Na mwaka huu darasa la binti lilipotembezwa kwenye njia ya mfereji, mwalimu alisoma kibao kilichopo juu ya tuta, na watoto wote wakageuka kumtazama mtu mmoja.

Kibao kilisema: HAPA ZAMU NZIMA YA WACHIMBAJI ILITOROKA KAZINI. MFEREJI ULIKAMILIKA BILA WAO NA BILA AJALI.

Rangi ya kibao hicho hupakwa upya kila mwaka. Anayeipaka ni mtunza njia.

"Ni kazi, mama," alikuwa akimwambia mkwewe.

"Najua ni kazi," mkwewe hujibu. "Hata aliyeiandika alikuwa kazini."

Daktari alikuwa amemwambia bibi huyo kwamba moyo wake umechoka, asipande ngazi wala asibishane. Akasema ngazi ataacha. Alilolitaka kabla ya kufa lilikuwa moja, na alilirudia mezani mpaka mjukuu akalijua kwa moyo. Hakutaka kaburi zuri. Alitaka baba yake arudi nyumbani, na mtu mmoja, awe mmoja tu lakini mwenye mhuri, aseme hakukimbia.

Kwa hiyo mtunza njia alivua saa yake ya mkononi, ambayo ndiyo kitu cha maana alichokuwa nacho mwilini, akaiweka kikashani, akachukua bati.

Alimkuta mkwewe sebuleni akishona kiwiko cha sweta la shule. Akamwekea bati juu ya sweta.

Bibi alilipapasa kwa kidole gumba. Hakuvaa miwani.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye kikasha."

"Na kikasha kilikuwa wapi?"

"Ndani ya tuta. Chini ya kile kibao."

Bibi alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Basi hakwenda mbali," alisema.

Kesho yake mtunza njia aliingia kwa Mkuu bila kugonga. Alimwambia kwamba ndani ya tuta wamo watu, kwamba ni ile zamu, kwamba hawakutoroka bali tuta liliwaangukia, na kwamba wanaendelea kufanya kazi.

"Najua," Mkuu alisema.

"Unajua?"

"Kila anayekaa kwenye kiti hiki huambiwa siku ya kwanza. Aliyenitangulia aliniambia, akanikabidhi na funguo za choo." Alisukuma pembeni sahani ya mkate aliokuwa akiula. "Mama, kaa chini. Ulitaka nifanye nini? Nichimbe? Tuta likiguswa mji mzima unaogelea. Ukuta unasimama kwa sababu kuna watu wanaushika kwa ndani. Mhandisi aliwahi kuupima, akasema hajaona tuta la udongo lenye nguvu hivyo."

"Basi kibao kibadilishwe."

"Kibao kimeidhinishwa."

"Ni uongo."

"Sijasema ni kweli. Nimesema kimeidhinishwa." Alifikiri kidogo, akaonekana ameridhika. "Ila hilo la kikasha nimelipatia dawa. Kama kinataka kukaa tutani, kikae. Hamisha nukta kwenye ramani. Wageni watakikuta, malalamiko yatakwisha, na wewe utapumzika na sepeto. Umeshanunua kufuli?"

"Sijanunua."

"Basi usinunue."

Nukta ilihamishwa siku hiyohiyo. Kikasha hakikuhama tena. Wageni waliongezeka, wakawa wanalaza masikio tutani kusubiri filimbi ya saa sita, na wakiisikia wanapiga makofi.

Mtunza njia alipomsimulia mkwewe, alitegemea kilio na alikuwa ameshaandaa dawa ya moyo na glasi ya maji. Bibi hakulia. Aliuliza maswali kama mtu anayenunua cherehani.

"Wanalala humo, au wanafanya kazi?"

"Kazi. Kuna filimbi ya kuanza na ya mchana."

"Na ya kutoka?"

"Haijawahi kulia."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amemlea mlinzi. Mara ngapi mwanawe amerudi nyumbani mchana badala ya alfajiri, macho mekundu, kwa sababu aliyetakiwa kumpokea lindoni amelala kwake? Mtu wa zamu hatoki mpaka apokewe. Akitoka kabla, huyo ndiye anayeitwa mtoro.

"Ah," alisema. "Hawajapokewa."

Asubuhi ya pili yake bibi alioga mapema, akavaa gauni la kijivu na vile viatu vyeusi vya kamba alivyovinunulia msiba wa mumewe na kuvitunza kwenye boksi. Akasema anataka kupelekwa.

"Mama, viatu hivyo vitaharibika. Kule kuna tope."

"Kuna kazi kule. Unataka niende na kandambili?"

Walitembea kwa mwendo wa moyo mbovu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mfereji, na maji chini yake hayakuonyesha kivuli cha miti. Juu ya tuta kibao kiling'aa, kwa sababu rangi yake ilikuwa nzuri. Ndani ya udongo, kwa mbali, kulikuwa na mdundo wa vitu vizito vinavyopigwa kwa pamoja, kisha kimya cha watu kuvuta pumzi, kisha tena.

Bibi alisoma maandishi ya kifuniko kwa sauti, neno moja moja.

"Mwandiko wako?"

"Wangu."

"Ni mzuri. Unasomeka." Alivaa bati shingoni kwa uzi aliokuwa ameutayarisha. "Umeandika vizuri na sheria yenyewe ni ya haki. Nimekuja kuchukua."

"Na utaacha nini, mama?" mtunza njia aliuliza, ingawa alikuwa ameshamwona akikunja mikono ya gauni.

"Usijifanye mjinga asubuhi yote hii. Dawa zangu ziko juu ya kabati, mpe jirani, naye moyo unamsumbua. Mtoto asiache kuvaa sweta." Akageukia tuta, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Kumi na saba!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtunza njia kuisikia namba hiyo ikitoka kinywani mwake.

Mdundo ulikoma.

"Nipo," ilijibu sauti ya kiume.

"Nimekuja kukupokea zamu."

Udongo haukufunguka. Bibi aliingia tu, kama mtu anavyoingia jikoni penye moshi, bega kwanza, akiinamisha kichwa kidogo, na viatu vyake ndivyo vilivyoonekana mwisho. Mahali palepale akatoka kijana. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, kifua wazi, mwili wote rangi ya udongo, na kwenye mkono wake wa kushoto alivaa saa ya kike. Ndani ya tuta filimbi ililia mara moja, fupi. Mdundo ukaendelea. Ulikuwa wa haraka kidogo kuliko mwanzo, na mtunza njia aliutambua mwendo ule. Ndivyo mkwewe alivyotwanga.

"Habari za kazi?" alimwuliza kijana, maana hakuona salamu nyingine inayofaa.

"Za kazi nzuri," alisema. "Yule mama aliyenipokea, ni nani?"

"Mwanao."

Kijana aliangalia udongo. "Nilimwacha bado tumboni," alisema, akamfuata mpaka nyumbani.

Mume wa mtunza njia alikuwa ametoka lindoni, amekaa mezani na kofia kichwani.

"Mama yuko wapi?"

"Ameingia zamu tutani. Amempokea babu yako."

Mume alimtazama kijana aliyesimama mlangoni akidondosha udongo.

"Alikunywa chai?"

"Alikunywa."

Basi akavua kofia, akasimama, akamwachia kijana kiti chake. "Shikamoo, babu," alisema.

Kijana aligeuka nyuma kutazama mzee anayesalimiwa. Alipoona hakuna mtu, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakaa. Walimpa maji ya kuoga na shati la mume, likampwaya. Hakulijibu jina lolote la heshima walilomwita. Lakini jioni binti alipokuwa akihesabu hesabu zake za shule, akafika kumi na sita na kusita, akamtazama mama yake, mama yake akamwambia sema, akasema. Kijana aliinuka wima pembeni ya meza.

"Nipo," alisema.

Kutoka hapo hawakujua waendelee kuiruka au waiseme, kwa sababu mwenyewe yupo nyumbani na mwenyewe mwingine yuko tutani.

Mtunza njia hakuchelewesha jambo. Asubuhi alimwongoza kijana mpaka ofisini, akamsimamisha mbele ya meza ya Mkuu.

"Huyu ni kumi na saba," alisema. "Muulize kama alikimbia. Kisha andika, tia mhuri, na kibao kirekebishwe."

Mkuu alimtazama kijana juu mpaka chini. Akamkaribisha kiti, kijana hakukaa.

"Huyu yuko nje ya tuta," Mkuu alisema.

"Unamwona."

"Kwa hiyo alitoka. Aliruhusiwa na nani?"

"Alipokewa zamu."

"Na nani?"

"Na mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako si mwajiriwa." Mkuu alizungumza kwa upole wa kweli, hakuwa mtu mbaya, na mwaka juzi alichangia harusi ya karani. "Mchimbaji ameacha kazi kabla ya zamu kwisha, bila ruhusa ya mwajiri. Sasa mama, hilo wewe unaliitaje? Mimi nilikuwa na shaka na kibao kile miaka yote. Leo umeniondolea shaka. Umeniletea mtoro mwenyewe, anatembea."

Karani aliinamisha uso kwenye kikombe. Kijana hakuonyesha kwamba amesikia. Au alikuwa amesikia maneno kama hayo mara nyingi, kwa sauti tofauti.

"Tena kuna jambo," Mkuu aliendelea. "Pale alipotokea panavuja. Maji kidogo, lakini leo kidogo kesho mengi. Kijana, unajua kushindilia udongo?"

Kijana alikuwa ameshalichukua sepeto kubwa lililoegemezwa nyuma ya mlango. Alilipima uzito kwa mkono mmoja, akatoka nalo. Karani aliulizia jina la kumwingiza kwenye malipo, halikupatikana, akaandika namba.

"Na wewe," Mkuu alimwambia mtunza njia, "msimu wa wageni umekaribia. Kibao kipakwe upya. Neno ILITOROKA lifanye nzito kidogo, jua limelipunguza."

Alichukua kopo la rangi na brashi, kwa sababu mkono umezoea. Alipofika tutani kijana alikuwa magotini, akishindilia udongo mahali palipovuja, taratibu, akiacha nafasi kati ya pigo na pigo. Kutoka ndani pigo jingine lilijibu katika nafasi ile. Walikuwa wakifanya kazi pamoja, baba huku na binti kule, ukuta katikati, na wote wawili walionekana kuielewa kazi kuliko yeye alivyoielewa yake.

Mtunza njia alisimama mbele ya kibao, kopo limefunguliwa, brashi imelowa. Alilitazama neno lenyewe. Alilijua kila pembe. Mkunjo wa herufi ya mwisho ulikuwa wake, aliubuni mwaka wa tatu wa kazi ili lipendeze. Akafikiria darasa lililogeuka kumtazama mtu mmoja. Kama asipopaka yeye, Mkuu atamtuma karani, na karani ana mkono unaotetemeka lakini atapaka. Kibao kitabaki palepale. Hilo halikuwa mikononi mwake.

Alifunga kopo. Akashuka mpaka kwenye kikasha, akainua kifuniko. Ndani, katikati ya pete za funguo na bata, palikuwa pamewekwa bati jingine, bado lina joto.

Aliweka brashi kikashani, akachukua bati. Ishirini na tatu.

Hakusimama hata kufuta mikono. Alipita nyuma ya ofisi, akavuka barabara, akaingia kibandani kwa muuza mayai. Alikuwa mzee mfupi mwenye aproni ya bluu, na mtunza njia alinunua kwake kila wiki. Miaka yote alimhesabu kuwa ni mtu aliyeacha shule mapema, kwa sababu kila alipojaza trei ya thelathini alifika thelathini na shimo moja likabaki tupu. Hapo alichukua yai la mwisho akalitia bila kulihesabu, akafunga kamba.

Alikuwa akimhesabia mteja sasa hivi. Mtunza njia alisubiri zamu yake.

"Ishirini na moja," mzee alisema. "Ishirini na mbili. Ishirini na nne."

Mteja alipoondoka na trei yake, mtunza njia aliliweka bati juu ya meza, katikati ya manyoya na vumbi la maganda. Alimweleza yote, waziwazi na kwa ufupi, kama alivyozoea kueleza mambo: aliko mtu huyo, anachofanya, nini hutakiwa ili atoke, na kwamba kibao hakitabadilika kwa ajili hiyo, asije akaenda kwa kutegemea kibao.

Mzee alilipapasa bati kwa kidole gumba. Kutoka ng'ambo ya barabara filimbi ya saa sita ililia, na karani akaonekana akitoka kwenda kula.

"Ni baba," mzee alisema.

Akaifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mayai. Kisha akautazama mguu wake mmoja, halafu wa pili.

"Nivae viatu gani?"

"Vizuri," mtunza njia alisema, na akamshikia mlango.